Pipa Langu Liliua Mbege ya Posa

Jamani, aliyeharibu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya posa ya kaka yangu ni mimi. Si baridi, si ulezi mbaya, na wala si mkono wa shangazi.

Nafanya kazi kwenye maabara ya plastiki hapa Moshi. Ngoja niwaeleze taratibu, wala si jambo gumu. Tunachukua chembe za madini ya fedha, ndogo mno, jicho halizioni, tunazitawanya ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Ikiganda, zinabaki humo kama maharage ndani ya kiburu, zile ndizi zetu za kupondwa. Plastiki ikilowa, fedha hutoka kidogo kidogo na kuua vijidudu. Ikitumika mahali pake, ni kitu kizuri sana.

Shangazi yangu wa Kibosho ndiye mpika mbege wa ukoo. Posa ilipokaribia, nikampelekea pipa jipya. Ndani nilikuwa nimelibandika utando wa plastiki yangu, na fedha nimezidisha makusudi ili liwe safi zaidi. Sikumwambia. Mimi, ninayeeleza hata nisipoulizwa!

"Shikamoo shangazi, nimekuletea pipa safi."

"Marahaba. Kwani langu lilikuwa chafu?" Akacheka, akalipokea.

Humo akaziweka ndizi alizochemsha zichachuke. Siku moja kabla ya posa, akafunua, nikiwa naye jikoni, ili atie uji wa ulezi. Hakuna povu, hakuna harufu. Ndipo nikaelewa: mbege huchachushwa na vijidudu, nami nimeviandalia kaburi.

Lakini pipa si kosa langu kubwa. Shangazi aliketi kwenye kigoda, akatazama viganja vyake.

"Mkono wangu umekwisha," akasema. "Mtafuteni mwingine wa kuwapikia."

Nami nikanyamaza, nikajifanya nachochea moto.

Kesho yake tukaenda Rau, kwa wazazi wa binti, na mbege ya kuomba kwa jirani. Baba mkubwa wa binti akaonja, akaweka kibuyu chini.

"Hii ndiyo ya shangazi yenu tunayemsikia?"

Kaka akaangalia viatu vyake. Shangazi akataka kujibu, nikamwahi. Nikasimama nikaeleza yote, hadi maharage na kiburu.

Halafu yule mzee akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, umewaua wapishi kabla ya sherehe?"

Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa kaka. "Basi rudini na ya shangazi," mzee akamalizia. "Tutazungumza siku hiyo."

Njiani shangazi akaniambia, "Pipa nimekusamehe. Ule usiku niliolala nikijiona sifai, huo utanilipa kwa kusaga ulezi."

Wewe unayebuni kitu, endelea, tunakuhitaji. Ila kabla ya kumpelekea mtu, muulize atakifanyia nini, umwambie kina nini. Na ukiharibu, sema palepale jikoni, kabla mwenzako hajajilaumu.

Kaka bado ananijibu kwa kichwa tu. Ila asubuhi hii shangazi amefunua pipa lake la zamani, akaniita ninuse. Povu limepanda.

"Umenusa?" akasema. "Haya, sasa sogea mbali kidogo."