Buti Iliyochanika Njia ya Muthetheni

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, mto umekauka umebaki mchanga mtupu, na mimi nimeketi nyuma ya usukani wa gari refu kuliko akili yangu. Siku hiyo naikumbuka hata nikiwa nimesahau nilikoweka miwani.

Juzi ulinionyesha kwenye simu ile fowili yako mpya, ukanieleza kwamba utaipeleka kwa fundi huko Syokimau aiinue inchi nne. Nikakurudishia simu. Najua ulidhani mzee haelewi mambo ya magari, ukamgeukia mama yako ukaendelea kumwonyesha picha. Ninaelewa sana. Niliirudisha kwa sababu nilikumbuka Jumapili ile, na sikutaka kuisimulia harakaharaka. Sasa nimetulia, kwa hiyo nisikilize, na usiharakishe kufika mwisho.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa mchomeleaji katika kiwanda kimoja kule Athi River, na kila Jumamosi nilirudi nyumbani Mitaboni. Nikajibana nikanunua fowili kuukuu, gari linalovutwa na magurudumu yote manne, la kwanza la aina hiyo kijijini kwetu. Babu yako Ndambuki, ambaye wewe hukumpata, alikuwa bado hai, ila miguu ilikuwa imemkataa. Alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mibuni yake, akapumzika, akarudi. Siku nilipolileta gari nyumbani alilizunguka akilipapasa, kisha akaniambia jambo moja tu.

"Mutua, utanipeleka kwa dada yangu. Nataka tu kuketi naye."

Dada yake alikuwa Shangazi Kalekye, kifungua mimba wao, aliyeolewa Muthetheni. Mama yao alipokufa baba alikuwa hajaanza hata kutambaa, na Kalekye ndiye aliyembeba mgongoni akienda kisimani, akiokota kuni, hata akicheza na wasichana wenzake. Walikuwa hawajaonana miaka mingi kwa sababu ya miguu ya wote wawili. Nikamwambia, "Sawa, tata, nitakupeleka." Na nilikuwa nasema kweli. Lakini nilitaka kwanza kulitengeneza gari.

Kulitengeneza, nilivyoita mimi, ilikuwa ni kuliinua. Mimi mwenyewe nilichonga vyuma vya kuwekwa juu ya springi, nikatafuta magurudumu makubwa, nikalipandisha mbele na nyuma mpaka likawa linatazama paa za maduka. Watu waliponiuliza sababu nilisema ni kwa ajili ya kuvuka mito ya mchanga. Uongo. Niliinua gari ili watu wakitoka kanisani waulize ni la nani. Na waliuliza, na nilifurahi, siwezi kukuficha.

Baba alilitazama, akatazama mahali pa kuweka mguu, akacheka. "Umenunua gari ama umenunua mti?" Tulimletea kivila, kile kigoda chake cha miguu mitatu, akapanda juu yake, nami nikamsukuma kwa nyuma mpaka akaingia. Alipokaa alikuwa anahema. Hata hapo sikuona kitu.

Basi ngoja nikueleze kinachotokea chini ya gari, kwa maana hao wa video hawakuonyeshi. Kwenye magurudumu ya mbele kuna ekseli, na kila ekseli ina viungo vinavyoiruhusu kukunjika gurudumu likipanda, likishuka au likikata kona. Kila kiungo kimevishwa mpira wenye mikunjo mikunjo, mafundi wanauita buti. Ndani ya buti kuna grisi. Buti ikiwa nzima, kiungo kinaweza kukaa miaka. Ukiliinua gari, ekseli inalala kwa mshazari ambao haikuumbiwa, mikunjo ya buti inabanana upande mmoja na kunyooka kupita kiasi upande wa pili, na kila gurudumu likizunguka, mpira unajisugua wenyewe. Siku moja unachanika. Grisi inatoka, vumbi linaingia, na kiungo kinaanza kujila.

Langu halikumaliza miezi miwili. Niliona grisi imerukaruka ndani ya gurudumu la kushoto, nikapitia kwa Mzee Kilonzo, fundi wa pale sokoni Mitaboni. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Aliingia chini ya gari, akakaa huko kwa muda, kisha akaniita nilale chini kando yake. Nilikuwa na shati nyeupe. Akasema, "Lala tu, shati itaoshwa."

Nikalala. Akanionyesha buti imepasuka kwenye mkunjo, halafu akanionyesha ile ya kulia, ambayo ilikuwa imeanza kufanya nyufa.

"Kijana, unaona hii inajikata yenyewe? Hata nikiweka mpya leo, itakatika tena. Shida si mpira. Shida ni vile umeinua. Uliinua mwili ukasahau viungo." Akajifuta mikono. "Niachie siku tatu. Nitaishusha kidogo, na hiyo difu, lile bonge la giya katikati ya ekseli, niiteremshe pia, ekseli ilale vizuri. Ndiyo tuweke buti mpya."

Ningemwachia, labda. Lakini jioni hiyo mwalimu mmoja aliyetoka Muthetheni alikuja nyumbani na ujumbe. Kalekye alikuwa mgonjwa kitandani na anamwita ndugu yake. Siku hizo hatukuwa na simu za mkononi, ujumbe ulitembea na mtu. Baba akamwambia mwalimu, mbele yangu, "Mwambie nakuja Jumapili. Mutua ananileta."

Kesho yake nikarudi kwa Mzee Kilonzo kumwambia siwezi kuacha gari. Aliweka spana chini akanitazama. "Basi mpeleke na gari ya watu. Kuna pikapu ya yule mwenye duka, ukimwomba hawezi kukataa. Wewe niachie hii."

Unajua nilimjibu nini, mwanangu? Nilimjibu hivi: "Mzee, baba yangu apande gari ya watu na mimi niko na gari?"

Mzee Kilonzo hakubishana. Alisema tu kwamba hajaniuliza mambo ya gari, ameniuliza mambo ya baba. Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Nikajitengenezea mwenyewe. Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaizungusha kwenye ile buti mara tatu, nikaikaza kwa waya. Unatujua sisi Wakamba, tukishapata kipande cha tyubu na waya tunaona hakuna kitu duniani kisichofungika. Nikajaza grisi kwa kidole, nikaosha gari, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Jumapili baba alivaa koti lake la harusi za watu. Mkononi alikuwa na leso mpya ya kumpelekea dada yake, ameikunja ndani ya gazeti. Njia nzima alikuwa akizungumza, na baba hakuwa mtu wa kuzungumza. Alinieleza jinsi Kalekye alivyokuwa akimfichia kiazi kitamu majivuni, na jinsi siku Kalekye alipoolewa yeye, akiwa mtoto, alivyoshika nguo ya dada yake na kukataa kuiachilia mpaka watu wazima wakamfungua vidole. Alikuwa akicheka peke yake. Sijawahi kumwona baba vile, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Tukiwa bado mbali na Mwala gurudumu la kushoto likaanza kugonga kila nikikata kona. Tak, tak, tak.

"Mutua, gari inasema nini?"

"Ni mawe tu, tata."

Huo uongo nao ninao mpaka leo.

Tukafika mahali njia inapogawanyika. Kulikuwa na barabara kuu ya kuzunguka, ndefu lakini ngumu na salama, na kulikuwa na njia ya mkato inayovuka mto wa mchanga. Ilikuwa Jumapili, watu wamejaa kando ya mto, wanawake wanachota maji kwenye visima vya mchangani, vijana wameketi ukingoni. Nikawaza, mtu anainua gari ili apite barabara ya kila mtu? Nikakata kuelekea mtoni.

Katikati ya mchanga kulisikika mlio mmoja, mzito, na usukani ukanitoka mikononi. Kiungo kilikuwa kimepasuka. Ile tyubu ilikuwa imeisha zamani, mchanga umeingia, goroli za ndani yake zimesagika, na gurudumu limekwama limegeukia upande. Nilipojaribu kulazimisha, gari lilijichimbia mpaka tumbo likalala kwenye mchanga. Lile gari refu, mwanangu, likawa fupi kuliko yote.

Vijana walikuja wakachimba. Mzee mmoja akaleta maksai wake wawili, wakatuvuta mpaka ukingoni, ukingo ule tuliotoka. Baba tulikuwa tumemketisha kwenye kivila chake chini ya kichaka, na aliomba kitu kimoja tu, tumgeuze atazame upande wa Muthetheni. Zilikuwa zimebaki kama kilomita kumi. Mama mmoja alimpa maji kwa kata, akanywa, akashukuru, akaendelea kutazama. Tulingoja gari la kwenda ng'ambo tangu saa tano mpaka jua likaanza kushuka. Halikupita hata moja.

Lililokuja ni lori la mchanga linaloelekea Machakos. Dereva alimwonea baba huruma akasema atampitisha mpaka karibu na nyumbani.

"Hauendi upande ule?" baba akamuuliza.

"Hapana, mzee. Mimi narudi."

Baba akanitazama, si kwa hasira. Akanipa lile gazeti lenye leso. "Haya. Wewe ukifika kwake kabla yangu, mpe."

Tukampandisha kwenye lori, likaondoka. Na sasa nakwambia kitu ambacho hata mama yako sijamwambia. Ningeweza kutembea. Nilikuwa kijana mzima mwenye miguu miwili, na kilomita kumi ni mwendo wa saa mbili. Sikwenda. Nilibaki nikilinda gari, nikiogopa vijana watafungua taa na vioo. Leso ilikuwa kwenye kiti cha baba.

Mzee Kilonzo alilivuta gari, akatafuta kiungo Nairobi, hakikupatikana upesi. Mimi nikarudi kazini Athi River nikisema Jumapili ijayo tutakwenda. Alhamisi Kalekye akafa.

Tulikwenda kumzika kwa pikapu ya mwenye duka, ile ile niliyoona haya kuiomba. Baada ya mazishi binti wa shangazi, Mbithe, alikuja kumsalimia baba. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamsimulia tu mjomba wake siku za mwisho za mama yake. Akasema, "Ile Jumapili aliamka na nguvu mpaka tukashangaa. Akataka aogeshwe, avalishwe kitambaa cha kichwa, atolewe nje aketi mlangoni. Tulimpikia muthokoi akakataa. Alisema atakula na ndugu yake. Tulimrudisha ndani jua likiwa limezama, na bado hajala."

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Alimshika mkono, akamwambia asante. Tukiwa njiani kurudi ndipo akasema bila kunitazama, "Mimi ningepanda hata punda, Mutua."

Hakulisema tena. Aliishi miaka sita baada ya hapo, na katika miaka hiyo yote hakuniomba tena nimpeleke mahali popote. Nilimwuliza mara nyingi. Gari nilikuwa nimelishusha, anaingia mwenyewe bila kigoda. Alikuwa akijibu, "Niko sawa hapa." Nilitamani aniombe nimpeleke hata sokoni tu. Natamani mpaka sasa. Siku hizi barabara nyingi za kule zimewekwa lami, na mara nyingine naendesha mpaka Muthetheni bila sababu yoyote, naegesha, nakunywa chai, narudi. Kiti cha kando ni kitupu. Ninamkumbuka sana baba yangu, mwanangu, na ninapomkumbuka namwona pale mtoni akitazama ng'ambo.

Sasa sikiliza nasaha yangu, nami nitaisema wazi. Gari ni lako, ukitaka kuinua inua. Lakini mtafute fundi atakayepima ekseli kabla ya kukusifia, na usipite inchi ambazo viungo vinaweza kubeba. Kila wiki lala chini utazame zile buti, hata ukiwa na shati nyeupe. Ukiona grisi ndani ya gurudumu, simamisha gari siku hiyo hiyo, usifunge kitu kwa tyubu. Na mtu mzima akikuambia nipeleke mahali, usimwambie ngoja nitengeneze. Mpeleke na kilichopo, na kama chako ni kibovu omba cha jirani, na aibu uimeze. Yeye hajakuomba gari. Amekuomba afike.

Mama yako ametaja mara mbili mwezi huu kwamba angependa kumwona rafiki yake wa shule aliyeko Mwala, ambaye haoni vizuri siku hizi. Alitaja ukiwepo, lakini ulikuwa unatazama simu. Fundi wa Syokimau atangoja. Jumapili hii njoo umchukue, gari likiwa vile vile lilivyo.

Mungu akupe barabara njema na watu wa kukungoja mwishoni mwake, na ukawakute. Akupe macho ya kuona kilichochanika kabla hakijavunjika. Ngai akuathime, akubariki, mwanangu. Mama yako nimeshamwambia unakuja saa tatu, na ameanza kuchagua nguo.