Mtoto Aliyefichwa Mtoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani, na kabla ya adhuhuri akina mama wote walikuwa wamenikimbia. Ilikuwa zahanati ndogo ya Chang'ombe, zama za Mwingereza, mie binti ninayejua kusoma na kuandika, ndoa yangu bado mbichi. Bibi Mkuu, Mzungu aliyesimamia kliniki za mama na watoto upande wetu, alinionyesha namna ya kumtia mtoto kwenye mfuko wa turubai, kumning'iniza kwenye ndoano na kusoma mshale. "Soma kwa sauti," aliniambia, "mama asikie, afurahi."

Basi nikasoma kwa sauti. Mtoto wa kwanza alikuwa bonge, mashavu yamejaa tele, nami nikautangaza uzito wake mpaka barazani wakasikia. Mama yake akamchomoa mfukoni. "Ala! Mwanangu nyama ya bucha, unamtangazia watu?" Akamfunika kanga gubigubi, akaenda zake, na wenzake wakamfuata.

Bibi Mkuu akatoka ofisini. "Wameenda wapi?"

"Wamekimbia kijicho, Bibi."

"Kijicho ni ugonjwa gani?" Wallahi, aliuliza kwa kutaka kujua. Nikamweleza kwamba mtoto akisifiwa mbele za watu, mama yake huogopa jicho la husuda. Akafikiri, akasema niwe nanong'ona, na nianze kwa kusema mashaallah. Wiki iliyofuata walirudi. Nilimpenda Bibi Mkuu kwa hilo, maana wakubwa wengine wangeishia kunigombeza.

Mie nami nilizaliwa mdadisi. Nyumbani waliniita mpekuzi, na mume wangu alisema nikiingia nyumba ya watu najua chungu kina nini kabla sijakaribishwa. Tabia hiyo ndiyo iliyonifaa nilipohamishiwa Mtoni, chini ya Bwana Dresa. Dresa zama zile ndiye aliyefunga vidonda, akagawa dawa, na tabibu asipokuwapo, akawa yeye ndiye tabibu. Huyu alikuwa mtu wa kusini, Mkristo, mpole wa sauti lakini hana mchezo. "Wanaokuja tunawaona," aliniambia. "Mie wananinyima raha wasiokuja. Toka ukapige hodi."

Nikatoka. Kazi yangu ikawa kwenda nyumba kwa nyumba kuwasaidia wazazi wenye watoto wa kutambaa na kutembea. Wengi walikuwa wageni wa mji, hawana mama wala shangazi wa kuwashikia mtoto. Niliwaonyesha kugeuza sanduku la chai kuwa kizimba, mtoto akae humo akichezea vijiko huku mama anapika, asije akaushika moto. Niliwafundisha kumwachisha ziwa mtoto polepole, wasipake shubiri kwenye titi asubuhi moja tu na kumwacha analia. Na mie nilijifunza kwao. Mama mmoja alimlaza mwanawe mchana kwa kupepeta mchele kando yake, ile sauti tu, na mtoto kimya! Nikaenda kuwafundisha wengine.

Siku moja nikapiga hodi kwa Zaituni, mke wa seremala, karibu na barabara ya Kilwa. Alikuwa mjamzito, tumbo limekwisha chomoza. Nikamuuliza kama ana mtoto mwingine. "Sina, dada." Lakini kwenye kamba ya uani palianikwa kijikanzu cha mtoto anayeanza kusimama, kinachuruzika maji. Nikauliza cha nani. "Cha jirani." Nikaenda kwa jirani, nikamkuta bibi kikongwe anayeishi na paka wake.

Nikarudi tena na tena, kila mara na kisingizio kipya: leo naomba maji ya kunywa, kesho nimechoka na jua. Kambani nguo zilibadilika, mtoto sikumwona. Mpaka siku nilipomsikia chumba cha ndani akinung'unika, sauti nyembamba mno. Zaituni alinitazama, machozi yakamtoka, akafungua mlango.

Mtoto aliitwa Hamisi. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Nilizoea watoto wanaonipiga teke na kunivuta ushungi. Huyu alinitazama kisha akageuka ukutani, hataki uji wala hataki kubebwa. Niliogopa, sikufichi.

"Nimembemenda," Zaituni akasema kwa sauti ya chini.

Wauguzi wa leo wanauita ugonjwa huo utapiamlo. Zama zile watu waliamini kwamba baba na mama wakikutana kimwili mtoto hajaacha ziwa, au mama akipata mimba mapema, wamembemenda, na ndiyo maana anadhoofu. Mtoto wa namna hiyo alikuwa ushahidi wa tamaa ya wazazi wake, unaotembea mtaani. "Somo yangu kasema asionekane," aliendelea. Somo ni yule mama mtu mzima aliyemfunda binti tangu anavunja ungo, akamfikisha hadi chumbani siku ya harusi. Aibu ya mwali ni aibu yake.

"Twende zahanati sasa hivi," nikamwambia.

"Somo akinitupa, nitakuwa na nani, dada? Mama yangu alishakufa."

Nilimweleza Bwana Dresa. Akaweka chini bandeji aliyokuwa akiikunja. "Mtoto huyo asipoanza kula, tutamzika. Nenda kwa huyo somo. Na usiende kubishana."

Somo alikuwa Bi. Mwanahawa, mjane mwenye umri wa bibi yangu, mkali kama pilipili kichaa. Nilimkuta anakuna nazi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Najua kilichokuleta, mpekuzi we. Mwali wangu kavunja mwiko, sina la kukuambia."

Nilikuwa nimejiandalia maneno, yote yakaniruka. Nikabaki na udadisi wangu. Nikamuuliza, "Bibi, zamani mtoto akiachishwa ziwa, alipelekwa wapi?"

"Kwa bibi yake, wapi tena?"

"Huko alikula nini?"

Akacheka, nadhani alinihurumia kwa ujinga. "Uji wa mtama na tui. Kunde zilizopondwa. Samaki, bibi anamtolea miiba kwa vidole vyake. Anarudi kwao hata mama yake hamjui!"

"Na huyu Hamisi, bibi yake yuko wapi?"

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. "Hana."

"Sasa anakula nini?"

Alijua kama nilivyojua: ugali wa muhogo na chai ya rangi. Akaikung'uta nazi iliyobaki, akajifunga kibwebwe, akatoka bila kunikaribisha. Nikamfuata hadi kwa Zaituni.

Alimchukua Hamisi, akambeba mgongoni, kichwa wazi, miguu ile iliyovimba inaning'inia kila mtu aione. Zaituni akataka kumfunika. "Toa kanga yako!" bibi akamkemea. Tukapita kisimani, mahali ambapo mtaa mzima ulikuwa ukichota maji na maneno. Mwanamke mmoja akauliza kwa ile sauti tamu ya kuchokoza, "Bi. Mwanahawa, mtoto wa nani huyo? Kabemendwa, masikini!"

"Wangu!" akajibu yule mjane. "Mie ndiye niliyembemenda. Una neno?"

Kisima kizima kilicheka mpaka ndoo zikamwagika, na Zaituni akacheka huku analia. Tukafika zahanati.

Bi. Mwanahawa alikaa naye pale barazani siku nyingi, akimtolea miiba ya samaki, akimlisha maziwa kwa kijiko kama Bwana Dresa alivyoelekeza. Asubuhi moja Hamisi alimng'ata kidole kwa pupa ya kula, na kibibi kile kikapiga kigelegele. Nililia kwa furaha. Tangu hapo, akina somo wa Mtoni wakawa wenyewe wanawaleta watoto wa mabinti waliowafunda, mchana kweupe.

Nilistaafu nikiwa na miwani na maumivu ya magoti. Nilipoagwa, mkubwa wangu wa mwisho, kijana aliyenisifu kuliko nilivyostahili, aliniuliza dawa gani ya zamani ilifanya kazi kuliko zote. Nikamjibu maziwa na samaki. Sikusema uongo, ila sikumaliza.

Juzi binti wa nyumba ya pili alikuja kwangu, kitoto chake kimefunikwa kanga, akilalamika mama mkwe kamkataza kutoka nacho. Nikakifunua: miguu imevimba kama ile ya Hamisi. Nikainama, magoti yakalia. "Mpandishe mgongoni kwangu, mwanangu, twende zahanati. Tukiulizwa ni wa nani, niachie mie."