Mkono Ukingoni mwa Picha

Fremu ile ya umeme, ya kuonyesha picha, ililetwa na rafiki wa binti yangu aliyekuja likizo kutoka Kanada. Tulikutana Hurlingham, hapa Nairobi, akanikabidhi sanduku, akaniamkia kwa haraka na kwenda zake. Nikarudi nalo Ngara nimelipakata kama mtoto mchanga.

Nilikuwa nimestaafu ukarani mwaka uliotangulia. Mume wangu tulikwisha kumzika kwetu Mombasa, na katika nyumba ile ya vyumba viwili nilibaki mimi na redio.

"Iweke sebuleni, mama," binti yangu aliniambia kwa simu. "Mimi nitatuma picha huku, zitatokea zenyewe huko. Huna la kufanya."

La kufanya lilikuwepo. Fremu iliwaka, ikauliza lugha, ikauliza saa, kisha ikadai neno la siri la waifai. Neno lenyewe lilikuwa limebandikwa chini ya kile kisanduku cha intaneti, kwa herufi ambazo macho yangu hayakuziweza. Nikaenda kumbishia hodi jirani, mama mmoja mshonaji kutoka Kakamega, ambaye hadi siku ile tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi tu.

"Hii paswadi iko na herufi kubwa na ndogo zimechanganyika," alisema, ameinamisha kichwa chini ya meza. "Wacha nikusomee pole pole, wewe bonyeza."

Tulikosea mara tatu. Ya nne ikakubali. Haukupita muda, mjukuu wangu akatokea sebuleni kwangu, amevaa kofia ya sufu, meno mawili ya mbele yamemtoka.

"Ai! Si mnafanana!" jirani akasema.

Nikamwomba akae tunywe chai. Akasema ameacha nguo ya mteja kwenye cherehani.

Tangu siku hiyo nikawa nakula mbele ya fremu. Mjukuu kwenye theluji. Mjukuu na binti yangu wamelala kwenye kochi, midomo wazi. Mkwe wangu anakaanga mahamri niliyomfundisha kwa simu, ndevu zimejaa unga. Nilimpenda kijana yule. Yeye ndiye aliyekuwa akinipigia siku za Idi kabla ya binti yangu mwenyewe kuamka.

Picha mpya zilikuja kila wiki, na za zamani ziliendelea kuzunguka katikati yake, kwa hiyo ilinichukua muda kugundua. Siku moja, baada ya alasiri, nilikuwa nakunja nguo huku nikitazama. Binti yangu na mwanawe kwenye bustani; ukingoni mwa picha, mkono wa binti yangu umenyooshwa, anajipiga mwenyewe. Wawili hao mbele ya keki. Mkono huo tena. Zamani walikuwa wakipigwa picha wakiwa mbali, wazima wazima, viatu vyao vinaonekana, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuwapiga. Nikaacha nguo, nikangoja zizunguke zote. Katika zile mpya, mkwe wangu hakuwemo hata moja.

Nikampigia binti yangu. Kwao ilikuwa asubuhi.

"Mume wako yuko wapi?"

"Kazini, mama."

"Nakuuliza, mwanangu."

Nikamsikia akifunga mlango. "Alihama kabla ya Ramadhani," akasema.

"Ramadhani! Na Idi ukasema kazi imembana! Na mimi nikawa nakutumia salamu zake, nawe unapokea?"

"Ningekuambia nini? Uko peke yako huko. Nilijua utakaa na habari hiyo, huna wa kumwambia."

Akalia. Nilitaka kumwambia maneno ya mama, yale ya subira, lakini yalinikauka mdomoni. Badala yake nikamwambia na langu. Kila Jumamosi alikuwa akiniuliza habari za darasa la wanawake pale msikitini mjini, nami nikimjibu kwamba tulisoma vizuri na tunanunua mikeka mipya ya darasa. Nilikuwa nimeacha kwenda miezi kadhaa, kwa sababu ya goti na zile ngazi za kwetu.

"Mama! Na mikeka mliyokuwa mkinunua?"

"Hapana mkeka wowote," nikasema. Akacheka huku bado analia, nami machozi yakanitoka.

Wiki iliyofuata alizifuta picha za mumewe kutoka huko huko aliko. Niliingia sebuleni na kikombe changu, fremu ikazunguka hadi mwisho, na mahamri hayakutokea. Sikumlaumu, zilikuwa picha zake. Lakini kijana yule alikuwa akiniita mama kwa miaka tisa, na hakuna aliyekumbuka kwamba na mimi nimeachwa. Namba yake ninayo. Siku ya Idi kubwa niliishika simu hadi adhuhuri, sikujua nimwite nani sasa. Sikupiga.

Jirani alipopita kunipimia dera, aliitazama fremu kidogo.

"Yule mrefu wa ndevu siku hizi simwoni."

"Amesafiri," nikamjibu, nikainua mikono apime.

Siku hizi binti yangu hunipigia bila video, asubuhi kwake, anapomtayarishia mtoto chakula cha shule. Huiweka simu juu ya kabati, nami huiweka yangu kando ya jiko. Namsikia akifungua mfereji, akikata mkate, akimhimiza mtoto avae soksi. Mara nyingi hatuzungumzi. Wanapotoka, husema, "Haya, mama," kisha mlango, kisha simu inakatika.