Jina la Mwenye Nyumba

Mama yake Pulchérie alimfundisha hivi huko Bukavu: ukijifungulia kwenye nyumba ya mtu, mtoto hubeba jina la mwenye nyumba. Ndiyo shukrani ya mgeni. Mafundisho hayo Pulchérie alivuka nayo bahari hadi Toronto, mtaa wa Weston, na mkaidi kama yeye hafundishwi mara mbili.

Jengo walilopewa yeye na familia ya mwanawe liliitwa Lorrimer. Pale mlangoni palitundikwa picha ya mzungu mwenye nywele zilizopakwa unga. Pulchérie ndiye aliyeajiriwa kusafisha ngazi, basi kila Jumamosi alifuta kioo cha picha ile na kumwamkia mwenye nyumba. Nani angemwambia vingine? Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na yeye hata ya Kiswahili huyafuata kwa kidole.

Mkwewe Sabine alipojifungua binti, alitaka aitwe Aurore. Pulchérie akakataa kumpakata mtoto siku tatu nzima. Siku ya nne mtoto akaitwa Lorima, na bibi akajisifu kanisani.

Miaka kumi na miwili baadaye mwalimu aliwaagiza watoto wachunguze majina yao. Lorima akasoma mezani aliyoyapata, kwa Kiingereza, mama yake akimweleza bibi kwa Kiswahili. Huyo Lorrimer alikuwa bwana wa mashamba Uskochi, zamani sana, na mbunge miaka ishirini na saba. Mswada wa kukomesha biashara ya watumwa ulipoletwa, aliupinga mara mbili, maana alikuwa na mashamba ya miwa Jamaika, na watumwa mia tatu ndani yake. Toronto hakuwahi kuikanyaga.

"Koko," Lorima akamuuliza bibi yake, "nani alinipa hili jina?"

Pulchérie aliinamia sahani yake. "Mama yako."

Kijiko cha Sabine kilisimama hewani. Kisha akasema tu, "Kula, Lorima. Sombe inapoa."

Hapo ndipo aibu ilipomkaa Pulchérie. Ya yule mzungu angeibeba, kutojua si dhambi. Lakini kumtwika mkwe uongo, naye akaupokea bila neno! Jumamosi alisafisha ngazi zote, kioo akakipita.

Siku wazee walipoalikwa darasani, alikwenda na kitenge chake cha Pasaka. Lorima akasimama kando yake kutafsiri.

"Jina hili nililitoa mimi," Pulchérie alisema. "Mama yake alitaka Aurore. Nilimnyima mtoto mikono yangu mpaka akakubali. Halafu juzi nikamsingizia."

Mwalimu akangoja.

"Tafsiri. Yote," bibi akamwambia Lorima.

Mtoto akatafsiri, sauti ikishuka, bila kumtazama.

Kwenye basi Lorima alikaa kiti cha nyuma yake. Vituo vitatu kabla ya nyumbani, Pulchérie akasikia Kiswahili, kile cha kuvunjikavunjika:

"Koko, ulinibeba lini?"

"Siku ya nne," akajibu, na shingo ikakataa kugeuka.