Doa Jekundu Lililomtoa Shangazi Getini

Niliwahi kurusha sarafu, na watu wazima wenye afya zao wakaonekana ubongo umekonda. Msicheke wadau, mwenzenu nina hasira mpaka leo.

Mimi ni mchambuzi wa picha za ubongo chuoni. Tulikuwa tunalinganisha walinzi wa usiku na watu wanaolala usiku, tuone kama gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, limepungua unene kwa walinzi.

Mmoja wa walinzi hao ni shangazi yangu, yuko kwenye ghala. Kazi yake anaipenda kuliko alivyompenda marehemu mumewe. Anasema mwenyewe.

Sasa, gamba linapimwa kwenye nukta zaidi ya laki. Ukiuliza nukta zote hizo kama zimekonda, lazima zitakuwepo za kusema "ndiyo" kwa bahati tu. Kwa hiyo unakaza masharti ili zilizobahatisha zianguke. Kabla ya hapo unalainisha, yaani kila nukta unaichanganya na majirani zake ili kelele zitulie.

Nikalainisha kwa upana wa ujirani tuliokubaliana, nikakaza masharti. Ramani ikatoka kijivu tupu, yaani hakuna hata nukta moja iliyoonyesha tofauti.

"Ongeza upana," akasema bosi wangu. Kwa siri tunamwita Profesa Doa.

"Prof, si tulikubaliana kabla?"

"Wewe ongeza tu."

Nikaongeza. Kijivu. Nikapunguza. Kijivu. Toa umri kwenye hesabu, rudisha umri. Mwishowe doa jekundu likawaka juu ya sikio la kulia, Prof akapiga meza kwa furaha.

"Lakini mara tulizojaribu hatujazihesabu," nikamwambia.

"Usiwe mkorofi bwana."

Wiki hiyo hiyo akawaita washiriki, akawaonyesha picha. Shangazi akanipigia simu.

"Mwanangu, kumbe usiku unanila ubongo? Ijumaa naacha kazi."

"Shangazi, subiri kwanza."

"Nisubiri uishe?"

Hapo nikapandwa na mori. Nikachukua wale wanaolala usiku peke yao, nikawagawa makundi mawili kwa kurusha sarafu. Kisha nikafanya yale yale ya Prof, kubadilisha huku na kule, mpaka doa likawaka. Tena kubwa kuliko la kwanza!

Nikampelekea bila maelezo.

"Unaona!" macho yakamtoka. "Kukesha kunakula hapa hapa, sehemu ya kumbukumbu!"

"Prof, hawa wote wanalala usiku. Nimewagawa kwa sarafu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

Yaani hilo ndilo lililomuuma! Nikatoka mbio hadi ghalani.

Nikamkuta shangazi nje ya geti, hana sare.

"Ijumaa niliiona mbali," akasema. "Nimerudisha tochi na funguo leo."

Nikamweleza yote pale pale, jasho linanitoka.

"Kwa hiyo ubongo wangu mzima?"

"Hatujui, shangazi. Hilo ndilo jibu la kweli."

"Na mlijua lini kwamba hamjui?"

"Tangu ramani ya kwanza. Ile ya kijivu."

Akamtazama mlinzi mpya akihangaika na kufuli la shangazi la miaka yote.

"Basi mngeniletea hiyo."

Wadau, ukionyeshwa picha yenye doa jekundu, kabla hujarudisha funguo za mtu, uliza: za kijivu mmezificha ngapi?