Printa ya Meza ya Rafiki Yangu

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mtu wa kutishwa na mashine. Nilifanya kazi ya ukarani kule Industrial Area, Nairobi, tangu enzi za taipureta za utepe, na kila mashine waliyotuletea niliivunja kiburi. Kwa hiyo asubuhi ile, hapa nyumbani kwangu mtaa wa Tena, programu ya kuandikia ilipojifunga mara tu nilipoiambia ichapishe, sikushtuka. Niliifungua tena, nikabonyeza tena. Ukurasa ukaganda, ukapauka, ukatoweka bila hata kuaga.

Nilikuwa nachapisha kijitabu cha mazishi ya rafiki yangu. Tulikaa ofisi moja miaka mingi, meza zetu zikitazamana, hadi kampuni ilipofunga tawi letu na kila mtu akaenda zake. Yeye alikuwa akiishi Kayole, na misa ilikuwa kesho yake asubuhi kanisani kwao, kisha safari ya kumpeleka nyumbani magharibi. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alitaka nakala safi ifikapo saa kumi na moja jioni, aipeleke kwenye fotokopi kabla duka halijafungwa.

Huku kwetu marehemu haondoki Nairobi bila kijitabu. Picha mbele, ratiba ya misa, halafu wasifu: alizaliwa wapi, akasoma wapi, ameacha nani. Ndicho kinachosomwa kanisani, na ndicho watu wanachorudi nacho nyumbani wakakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Mume wa rafiki yangu alipofariki, miaka mingi nyuma, kamati ilipeleka kazi hiyo saiba, yale maduka ya kompyuta na uchapaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: saiba zetu zina kasi. Lakini kasi hiyo ina siri yake, na kila mtu wa Eastlands anaijua. Hawaandiki kijitabu upya. Huchukua cha marehemu wa wiki iliyopita, wakafuta jina, wakabadilisha picha na tarehe, basi. Safari ile walisahau mstari mmoja. Msomaji akasimama mbele ya kanisa zima akasoma: "Marehemu ameacha mjane na wana watatu wa kiume." Marehemu hakuwa na mwana wa kiume hata mmoja. Alikuwa na binti mmoja, naye alikuwa ameketi benchi la mbele na sweta yake ya shule. Nilimwona akigeuka nyuma kuwatafuta hao kaka zake.

Rafiki yangu aliporudi kazini baada ya matanga, alikuja mezani kwangu kabla hajaweka hata mkoba chini.

"Changu utachapa wewe," akaniambia. "Hapo kwako, kwa mkono wako. Saiba isikiguse. Mtoto wangu hatafutwa mara mbili."

Nikasema sawa. Nami nikisema sawa, ni sawa.

Basi ndiyo maana sikutaka kusikia habari za kutia kazi kwenye flashi na kuipeleka pale barabarani. Fotokopi sina ugomvi nayo, maana hurudia kile ilichopewa na haina maneno yake. Ila kufungua ile kazi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, yenye marehemu wa wiki iliyopita ndani yake, hapana. Nilijaribu kuchapisha kwa simu, kama ninavyowachapishia wajukuu picha zao za kazi ya shule. Simu ikanivurugia kurasa, picha ya harusi ikaenda kulalia ratiba ya misa. Nikaiweka simu kando.

Mzee wangu, yaani mume wangu, ambaye alistaafu kazi ya reli na anaamini kuwa hakuna mashine isiyotaka grisi, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Izime, iwashe," akasema.

"Nimeshaizima."

"Basi iombee."

"Wewe iombee, mimi naitafutia ugonjwa."

Na kuutafuta ugonjwa ni kazi ya utaratibu. Nilianza na printa yenyewe, mpya, niliyoinunua hivi karibuni. Nikashika kitufe chake, ikajichapishia karatasi ya majaribio yenye mistari ya rangi zote. Printa ni nzima. Nikatazama waya, nikauchomoa, nikauchomeka tena. Mzima. Nikashuku zile picha, kwa sababu picha nzito huweza kuiangusha programu. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika neno moja tu, "habari," nikachapisha. Programu ikafa na habari yake. Basi kijitabu hakina kosa. Nikaenda kwenye programu nyingine kabisa, ile ndogo ya kuandika vitu vya harakaharaka. Nayo nilipobonyeza ikatoweka.

Hapo nilitabasamu. Wagonjwa wawili wakianguka kwa kula sahani moja, usimlaumu mgonjwa, angalia sahani. Programu zote mbili zilikuwa zikifa zinapoitafuta printa. Kumbe kulikuwa na kitu huko ndani, kati ya kompyuta na printa yangu, kilichokuwa kikiziua.

Mwenyekiti akapiga simu. "Mama, hivyo vijitabu vimefika wapi?"

"Vinakuja."

"Mama, watu wanauliza."

"Waambie nimesema vinakuja." Nikakata. Ana moyo mzuri yule baba, lakini kazi yake kwenye kamati ni kuuliza, na yangu ilikuwa kuchapa.

Binti ya rafiki yangu alifika alasiri. Siku hizi ni mama mzima, mwalimu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa siku kadhaa za kupokea wageni. Kesho yake ndiye angesimama kusoma wasifu. Alikuwa amewaambia kamati kwamba hakuna mwingine atakayeusoma, na kila mtu aliyekuwepo kwenye mazishi ya baba yake alielewa kwa nini. Aliketi kwenye kochi karibu na meza yangu, akaiona programu ikifa mbele ya macho yake.

"Anti, si tupeleke tu saiba ya hapo nje?" akasema polepole. "Saa zimeenda. Ni sawa tu."

Haikuwa sawa. Alilisema kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula huku ana njaa, na sauti yake ilinichoma.

"Keti hapo," nikamwambia. "Mama yako hakuniachia kazi ya saiba."

Nikafungua orodha ya printa zinazojulikana na kompyuta. Nilitarajia kuona yangu peke yake. Ya kwanza kabisa, yenye ile alama ya kuonyesha kwamba ndiyo printa ya kutumiwa daima, ilikuwa na jina la rafiki yangu na neno "meza" mbele yake.

Hebu nieleze. Pale ofisini tulikuwa na printa moja, nayo ilikaa mezani kwake, kwa hiyo tuliipa jina la meza yake. Ukichapisha chochote, hata barua ya mkurugenzi, kinatokea kwake. Na hakupi karatasi yako mpaka aisome. Alipitisha kidole chini ya kila mstari, taratibu, na akikuta kosa aliinua karatasi juu na kuuliza ofisi nzima, "Nani amemzaa huyu?" Mwenye karatasi huenda kuichukua kichwa chini. Tulilalamika, tukamwita majina, lakini katika miaka yote hiyo barua yenye kosa haikutoka kwenye ofisi ile.

Tawi lilipofungwa, waliturudisha nyumbani na kompyuta zetu kama zilivyo. Yangu ilikaa chini ya kitambaa kule chumbani nikiandikia tu mambo ya chama na ya kanisa, na nikitaka karatasi natumia simu. Kumbe muda wote huo ilikuwa bado inaamini iko Industrial Area. Kila programu niliyoiambia ichapishe ilikwenda kwanza kubisha kwenye meza ya rafiki yangu, na ile meza haipo tena, na ile printa sijui ni chuma chakavu cha nani sasa. Programu ikibisha bila kuitikiwa inaanguka mlangoni.

Nikamweleza binti. Akasogea, akasoma jina la mama yake kwenye kioo, akafunika mdomo kwa mkono.

Nilijaribu dawa ya upole kwanza. Nikaipa printa yangu mpya ile alama, nikaacha ya rafiki yangu ikae tu pale, kama mgeni asiyesumbua mtu. Nikachapisha. Programu ilivumilia kidogo zaidi, halafu ikafa vilevile. Ilikuwa bado inapita kwa wote walio kwenye orodha. Dawa ilikuwa moja, niliijua tangu nilipoliona lile jina, na ndiyo iliyokuwa ikiniuma: kuiondoa.

Nikaichagua, nikabonyeza. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika ninataka kuondoa kifaa hiki, na juu ya swali likasimama jina lake.

Sitaficha, mkono wangu uligoma. Mimi niliyewaambia kamati nzima wasilie ovyo, niliyechagua jeneza, niliyepiga simu kijijini kwao kumwambia mama yake mzazi. Tangu siku ile ya kwanza watu walikuwa wakiniambia ametutoka, nami nikiitikia, ndiyo, ametutoka. Lakini hakuna aliyekuwa amenitaka nibonyeze kitu kwa kidole changu mwenyewe kuthibitisha. Nilikaa pale nikilitazama lile jina, na machozi yakaja bila kuniomba ruhusa. Nilimkosa rafiki yangu.

"Mchelea mwana kulia," mzee wangu akaanza pale mlangoni.

"Nimesikia," nikamkata. "Nenda kazime jiko."

Binti akaweka mkono wake juu ya wangu, juu ya kipanya.

"Bonyeza, anti," akasema. "Mama hangekubali nifutwe tena kwa sababu ya printa."

Nikabonyeza ndiyo. Lile jina likabaki sekunde moja zaidi, kisha likaondoka, na printa yangu mpya ikapanda juu, peke yake kwenye orodha. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, maana hata mzee wangu huwa sahihi mara moja moja. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika "habari," nikachapisha. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaitoa. Habari. Mzee wangu akapiga makofi kule jikoni, ingawa hakuona kitu, alisikia tu mlio.

Nikafungua kijitabu. Kurasa zikatoka moja baada ya nyingine, picha mahali pake, ratiba mahali pake, weusi umekolea vizuri. Nilikuwa nimeandika kila neno upya, kuanzia neno la kwanza, bila kuazima mstari wa marehemu mwingine yeyote. Ningeweza kumwambia binti hivyo, lakini kwa mama yake maneno hayakutosha, ilikuwa lazima karatasi isomwe. Basi nikazikusanya kurasa zikiwa bado na joto, nikampa.

Hakuangalia picha. Alikwenda moja kwa moja kwenye wasifu, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akakisogeza taratibu, mstari kwa mstari, kwa mwendo uleule wa mama yake. Mimi nikasimama nikisubiri kama nilivyosubiri miaka yote ile, mikono nyuma, roho juu. Simu ya mwenyekiti ikaanza kulia mezani. Hakuna aliyeipokea.

Kidole kilifika karibu na mwisho wa ukurasa, kikasimama. Nilijua ni wapi. "Ameacha mama yake mzazi, na binti mmoja," kisha jina lake lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Aliusoma mstari ule, akarudi nyuma akausoma tena. Kisha akainua karatasi juu, kama mama yake.

"Niko," akasema.