Injini Niliyoishusha Mtama

Mimi ni mzee wa kidato cha nne mwenye ulimi wa profesa. Juzi bwana harusi alikuja Mitwero kumchukua mjukuu wangu Rehema, na magari mawili ya zamani ya mbio. Wakwe, kwa heshima zao, wakaniomba nichague litakalombeba.

Bingwa nikalinganisha. La kijani, la Kiingereza, lina nguvu lakini ni zito, kwenye kona litawasumbua. Jekundu, la Kijerumani, ni jepesi, silinda sita, likiondoka hulioni tena.

"Injini yake naijua," nikawaambia. "Nimewahi kuishusha kwa mikono hii, pale Mtama."

Nikafungua boneti ya mbele waione. Ndani mlikuwa na tairi la akiba na sanduku la kanga za bibi harusi.

"Mmetuletea gari la kukokotwa?" nikawafokea wakwe. "Rehema haondoki hapa na gari lisilo na injini."

Mama mkwe akainamisha uso. Bwana harusi akaingia, akaliwasha. Likanguruma kwa nyuma.

Rehema akainua shela kidogo.

"Babu, kule Mtama uliishushia upande gani?"